Jina Lililo Ukingoni

Mtu akishikishwa nishani ya zamani, macho yake hukimbilia kichwa cha mfalme, kwa sababu kichwa ndicho kilichotengenezwa ili kipendeze. Mthamini huanzia kwingine. Huishika kwa ncha za vidole, huisimamisha ubavu, kisha huizungusha polepole chini ya taa, maana habari anayoitafuta iko kwenye ukingo, mahali pembamba pasipozidi milimita chache. Hapo ndipo serikali ya Uingereza ilipopiga chapa namba ya askari, cheo chake, jina lake na kikosi chake.

Chukua Nishani ya Vita ya Uingereza, ile ya Vita Kuu ya Kwanza. Ya fedha peke yake ilitolewa kwa watu wapatao milioni 6.5. Mfalme George wa Tano ni yuleyule kwenye zote, na yule mpanda farasi wa upande wa pili, akikanyaga ngao ya adui na fuvu la kichwa, ni yuleyule. Tofauti iko ukingoni tu. Ukiondoa jina, mkononi umebakiwa na kama wakia moja ya fedha, na kuna wakati dunia iliziona hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 1980 bei ya fedha ilipanda hadi karibu dola 50 kwa wakia, na nishani hizi zikapelekwa kwenye tanuri kwa mafungu kwa sababu uzito wake ulilipa kuliko historia yake. Kila iliyoyeyushwa ilikuwa na jina la mtu.

Huku kwetu jambo hilo hutokea kimya kimya, nyumba moja moja. Mzee amefariki, sanduku limefunguliwa, na mnunuzi wa vyuma chakavu amepita. Anaitupia jicho, anamwambia mjane, “Mama, hii ni bati tu, lakini nitakusaidia,” na inaondoka kwa bei ya unga. Au hutokea kinyume chake: kijana amesikia kwamba nishani za wakoloni ni mali, ananunua kipande kilichofinyangwa juzi kwenye karakana, na anakopa fedha juu yake. Wote wawili wangenusurika kama wangejua kuuliza maswali matatu. Je, chuma hiki ni cha wakati wake? Je, jina hili liliwekwa na serikali au na mtu mwingine baadaye? Na kama vitu ni zaidi ya kimoja, je, viliwahi kukaa pamoja kwenye kifua kimoja?

Nitatumia mfano mmoja unaohusu nchi zetu moja kwa moja. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Uganda, Afrika Mashariki na Afrika ya Kati kuwa jeshi moja, King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilifupisha kuwa Keya. Mwaka huohuo ilianzishwa nishani ya kampeni za Afrika, Africa General Service Medal. Ni duara la fedha lenye upana wa milimita 36. Nyuma yake amesimama mwanamke anayewakilisha Uingereza, ana mkuki wa meno matatu na ananyoosha tawi la mtende. Simba yuko nyuma yake, jua linachomoza, na chini limeandikwa neno AFRICA. Utepe wake ni wa manjano, kingo zake nyeusi, na katikati una mistari miwili myembamba ya kijani. Juu ya duara, kukingama utepe, hukaa baa ya fedha yenye jina la kampeni na mwaka wake.

Baa ndiyo inayosema askari alikwenda wapi. Ziko nyingi: za Somaliland, za Jubaland, za East Africa kwa miaka mbalimbali, na mojawapo husomeka NANDI 1905-06. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Hiyo ndiyo vita ambamo Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kwenye mkutano ulioitwa wa amani, na aliyempiga risasi ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa Keya. Kwa hiyo mtu anayeleta nishani yenye baa hiyo ameleta ushahidi wa tukio ambalo wajukuu wa pande zote mbili bado wanalizungumza. Ikiwa ni ya bandia, ni uongo juu ya msiba wa watu. Ndiyo maana sikubali ipimwe kwa kutazamwa tu.

Anza na kichwa na baa, uone kama vinakubaliana. Nishani hii ilitoka na vichwa vitatu: Edward wa Saba, George wa Tano na Elizabeth wa Pili. Edward alifariki Mei 1910, hivyo baa ya Nandi inatarajiwa kukaa juu ya kichwa chake. Ukiiona juu ya George wa Tano, simama uulize baa hiyo ilitoka wapi. Kichwa cha George wa Sita hakipo kabisa, kwa sababu baada ya baa ya Somaliland ya 1920 haikutolewa nyingine mpaka ile ya KENYA, ya operesheni dhidi ya Mau Mau zilizoanza Oktoba 1952. Wakati huo Elizabeth alikuwa ameshakalia kiti cha enzi. Muuzaji akikuletea Nishani ya Afrika yenye George wa Sita, mazungumzo yameisha. Na duara likija bila baa yoyote, jua kuna kitu kimetolewa, maana haikuwa desturi kuitoa bila baa.

Hiyo baa ya KENYA nayo ina mambo yake. Ilikwenda kwa askari wa Uingereza, kwa Keya, kwa polisi, na si kila nyumba inayoitundika ukutani. Mthamini anayeletewa nishani hiyo na familia ya Kenya ya kati hana haja ya kuuliza kwa sauti kubwa ilipatikanaje. Apime chuma, asome jina, na mengine ayaache familia iyaseme yenyewe ikitaka.

Sasa tuje kwenye chuma. Nishani halisi ilipigwa: kipande cha fedha kiliwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua na kubanwa kwa nguvu kubwa, hata fedha ikatiririka ndani ya kila mchoro. Ya bandia rahisi humiminwa: mtu huchukua nishani halisi, huikandamiza kwenye udongo au mpira, kisha humimina madini yaliyoyeyuka ndani ya umbo hilo. Chini ya lenzi ya sonara ya mara kumi tofauti iko wazi. Tazama nywele za mfalme, manyoya ya simba, na kona za ndani za herufi. Kwenye iliyopigwa, herufi imesimama wima kutoka kwenye sakafu laini, na kona zake ni kali. Kwenye iliyomiminwa, herufi imevimba kidogo chini, kona zimelegea, na sakafu ina vishimo vidogo vidogo vya mapovu ya hewa. Mara nyingi ukingo utakuwa umepigwa tupa ili kuficha mstari ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Tena madini yakipoa hunywea, hivyo nakala iliyomiminwa huwa ndogo kidogo kuliko mama yake. Kalipa ya fundi inayosoma sehemu za milimita itakuonyesha upungufu ambao jicho haliuoni.

Usikubali kuambiwa “ni fedha, inang'aa.” Kuna kipimo ambacho kila sonara anaweza kukifanya, na hata wewe ukiwa na mizani ndogo ya kidijitali. Vua utepe, pima nishani ikiwa kavu. Tuseme imesoma gramu 31. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ining'inize nishani kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani sasa inasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Fedha ya kiwango cha Uingereza, yenye sehemu 925 kwa 1000, itakupa karibu gramu 3, na ukigawanya 31 kwa 3 unapata kama 10.3. Mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao kwa macho hufanana sana na fedha, utakupa karibu 3.5, yaani 8.9. Kipimo hiki hakiikwaruzi nishani hata kidogo. Tindikali inayotumiwa na baadhi ya masonara huacha doa la kudumu. Ukiona chupa hiyo inafunguliwa, chukua nishani yako uondoke.

Hata hivyo kipimo cha fedha kina mipaka, na watu wengi huumizwa na mipaka hiyo. Nishani ya Vita ya 1939 hadi 1945, ile yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, Uingereza iliitoa ya shaba na nikeli. Ni Kanada iliyozitengeneza za kwake kwa fedha. Zile nyota za pembe sita za vita hiyohiyo ni za mchanganyiko wa shaba na zinki. Kwa hiyo mzee wa Keya aliyerudi kutoka Burma hakupewa fedha hata chembe, na sonara akisema “hii si fedha” hajasema kwamba ni ya bandia. Amesema tu kwamba yeye haihitaji.

Nirudi ukingoni, kwa sababu hapo ndipo wizi wenye akili hufanyika. Mtu hahitaji kutengeneza nishani nzima. Ananunua nishani halisi ya askari asiyejulikana sana, anakwangua jina, anachonga jina lenye bei: ofisa, au askari wa kikosi kilichoangamizwa. Chuma ni cha kweli, mihuri ni ya kweli, kipimo cha maji kinapita. Kilichobaki kumfichua ni fedha iliyoondoka. Pima upana wa duara mahali pengi, kwa mshazari, ukizunguka. Nishani ambayo haijaguswa inatoa kipimo kimoja kila upande. Iliyokwanguliwa inapungua pale jina lilipo. Isimamishe tena ubavu na utazame ile midomo miwili ya ukingo, ya mbele na ya nyuma. Ikiwa ukuta wa katikati umeingia ndani kidogo, au midomo imekuwa myembamba upande mmoja, kuna tupa iliyopita hapo.

Halafu soma herufi zenyewe. Jina lililopigwa chapa lina herufi za ukubwa mmoja, kila moja imezama kwa pigo moja, na chini ya lenzi sakafu ya herufi ni bapa. Jina lililochongwa kwa tindo lina mifereji yenye umbo la V, na mwisho wa kila mstari kuna mkia ambapo chombo kiliinuliwa. Usikimbilie kusema kila lililochongwa ni la uongo, kwani zipo nishani rasmi zilizochongwa. Cha kuuliza ni kama namna ya uandishi inalingana na nishani nyingine za baa hiyohiyo na kikosi hichohicho. Hapo picha za orodha za minada hufaa sana. Spink wa London wamekuwa wakiuza nishani kwa vizazi, na orodha zao za zamani ni shule kwa mwenye subira.

Na sasa jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilipi uzito, nami nalipa uzito mkubwa. Majina ya askari wetu yaliandikwa na makarani waliosikia lugha wasizozijua. Mwangi huweza kuwa Muangi, Wanjala akawa Wanjara, na askari mwingine akaandikwa jina moja tu, au jina la baba likatangulia lake. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia mbili kwenye nishani mbili. Mnunuzi wa ng'ambo akiona hivyo hushuku. Mimi ningeshuku zaidi jina la Kiafrika la 1905 lililoandikwa sawasawa kama tunavyoliandika leo, kwa sababu anayeghushi leo anaandika kwa mazoea ya leo. Namba ya askari ndiyo nanga. Jina linaweza kupinda, lakini namba na kikosi vinapaswa kukutana na orodha. Orodha za nishani za kampeni zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, magharibi mwa London, katika fungu la WO 100. Aliyemo kwenye orodha kwa namba hiyo, kikosi hicho na baa hiyo, amethibitishwa na serikali ileile iliyompa. Nyumbani nako kuna nyaraka: cheti cha kuachishwa jeshi, picha ya studio, au kipande ambacho mzee alilazimishwa kukivaa shingoni. Karatasi moja yenye namba inayolingana na ukingo ina nguvu kuliko hadithi kumi.

Kuna nishani moja ambayo jina la jeshi lenyewe liko mgongoni pake. Medali ya ushujaa iitwayo Distinguished Conduct Medal ilikuwa na toleo maalumu kwa Keya, ambalo juu ya maneno ya kawaida ya ushujaa vitani liliandikwa King's African Rifles. Ilikoma wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale askari wa Keya walipoanza kupewa ileile ya Waingereza. Hizi zina thamani kubwa, hivyo zina maadui wengi. Askari wa Keya aliyeipata alitajwa kwa jina. Anayeiuza bila kuweza kuonyesha jina hilo kwenye kumbukumbu yoyote anauza chuma tu. Juu kabisa iko Victoria Cross, ambayo Sajini Nigel Leakey wa Keya alipewa baada ya kufa kwake Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941. Hata hiyo, yenye umaarufu kuliko zote, ni kipande cha shaba kisichopendeza sana, na jina limechongwa nyuma ya baa ya juu na tarehe ya tendo nyuma ya msalaba. Kanuni ni ileile: geuza.

Nyota za Vita Kuu ya Pili zinatutoa kwenye kanuni hiyo, na ni lazima nikiri kwamba ndizo nyingi zaidi majumbani. Uingereza iliamua kuzitoa bila majina. Australia, Afrika Kusini na India waliandika majina kwenye za askari wao, lakini nyota ya askari wa Keya ilitoka tupu. Ukiiona ina jina, yaelekea mwenyewe au mwanawe alimlipa fundi baadaye. Hakuna ubaya, ila jina hilo si ushahidi rasmi. Hapo swali la tatu ndilo linalobeba mzigo wote: je, vitu hivi vinaelewana? Askari aliyepigana Ethiopia mwaka 1941, kisha akaenda na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwenye bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, anatarajiwa kuwa na Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, mara nyingi Nishani ya Ulinzi, kisha Nishani ya Vita, kwa mpangilio huo unaojulikana. Ukiletewa mstari wenye Nyota ya Burma na Nyota ya Pasifiki pamoja, ukatae. Kanuni haikuruhusu mtu mmoja kupewa zote mbili. Aliyestahili ya pili alipewa baa ya kuweka kwenye utepe wa kwanza.

Tepe zenyewe ni za kusomwa kwa tahadhari. Taa ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia noti, hufanya nyuzi nyingi za kisasa zing'ae rangi ya buluu nyeupe, wakati pamba na hariri za zamani hukaa kimya. Lakini utepe uliooshwa kwa sabuni ya unga nao hung'aa, na wazee walibadilisha tepe zilipochakaa, kwa haki yao kabisa. Utepe mpya haushushi nishani ya kweli, na utepe wa zamani hauikomboi ya bandia. Kwa wasomaji wa Tanzania wanaoletewa Msalaba wa Chuma wa Wajerumani wa 1914, sumaku itawafaa kuliko taa. Msalaba halisi kwa kawaida una moyo wa chuma ndani ya fremu ya fedha, na mstari wa kuunganisha huonekana ubavuni. Nakala nyingi ni kipande kimoja kilichomiminwa, na sumaku haikishiki.

Bei, basi. Watu huniuliza kwanza, nami huijibu mwisho, kwa kuwa haipo mpaka hayo mengine yajulikane. Duara lenye jina la askari wa kawaida na baa ya kawaida lina bei ya kawaida. Baa iliyotolewa kwa wachache huipandisha, ushujaa huipandisha zaidi, na kundi zima lililobaki pamoja na karatasi zake lina thamani kuliko vipande vyake vikiuzwa kimoja kimoja. Anayekushauri ugawanye kundi ili upate wanunuzi watatu anakupunguzia mali. Na asiyekushauri chochote ila kuisugua ni hatari kuliko huyo: ndimu na majivu, dawa ya kung'arishia shaba, hata kitambaa kikavu kikirudiwa kila Jumapili, huondoa ncha za nywele za mfalme na kulainisha herufi za jina. Weusi uliokaa juu ya fedha kwa miaka 100 ni kinga, na ni ushahidi pia, kwa sababu uliingia ndani ya herufi baada ya herufi kupigwa. Jina lenye sakafu inayong'aa kwenye nishani nyeusi lina maswali ya kujibu.

Kabla hujaipeleka popote, ipige picha pande zote, na ukingo wote kwa vipande mpaka jina lisomeke mwanzo hadi mwisho. Andika imetoka kwa nani, nani alimpa, nani alikuwepo, mzee alisema nini na kwa lugha gani. Andika jina lake kama familia inavyolitamka, na kando yake kama lilivyoandikwa ukingoni, herufi kwa herufi, bila kusahihisha. Mwombe mkubwa wa ukoo atie sahihi na tarehe. Kisha nenda kwa mthamini asiye mnunuzi, na umlipe ada ya kazi yake. Anayetaka kuinunua kwako hawezi kuwa yeye huyohuyo anayekupangia bei. Akikupa maandishi, yadai yataje kipenyo, uzito, namna jina lilivyowekwa, baa, na orodha aliyoitazama. Ikiwa hakuitazama, aandike hivyo.

Na ikiwa familia imeamua kuuza, iuze pamoja na karatasi hizo, nakala moja ikibaki nyumbani. Mnunuzi wa kweli atazilipia. Makumbusho nayo hupokea nishani yenye historia kwa moyo tofauti na ile iliyookotwa sokoni, kwa sababu yanaweza kuiweka mbele ya watoto wa shule na kuwaambia huyu alikuwa nani, alitoka kijiji gani, na alitumwa kupigana na nani.